Wakala anataka invoisi wakati lori bado linapakiwa Joburg, ni utaratibu au napigwa?

Mkulima_Uyole

Wakuu habari za jioni, na wale wa Mbeya wenzangu poleni na baridi. Nina swali kwa watu wa forodha au yeyote anayepitisha mizigo Tunduma mara kwa mara. Nimenunua vitu kwa jamaa mmoja Joburg: mashine ya mtumba ya kuchambua viazi, ile inayovipanga kwa saizi, pampu mbili za umwagiliaji na rola kadhaa za bomba za plastiki. Lori litapita Beitbridge, Chirundu, Lusaka hadi Nakonde halafu ndo linaingia kwetu Tunduma.

Sasa nimeunganishwa na wakala wa kunitolea mzigo, kijana mchangamfu kweli kweli, leo asubuhi kanipigia anataka invoisi, orodha ya vifurushi, TIN yangu, namba ya lori na namba ya tela, na lori lenyewe bado linapakiwa hukohuko kwa muuzaji! Nikamwambia si tusubiri lifike boda ndo tuanze makaratasi, akacheka, akasema siku hizi taarifa inatangulia kwenye mfumo, mzigo unakuja nyuma. Halafu mwishoni akagusia na hela ya kodi iwe karibu. Hapo ndo mwili ukanisisimka, maana wachangamfu wa namna hii nawajua.

Naomba kuelimishwa, ni utaratibu kweli au napigwa? Na nikisubiri tu lifike napoteza nini?

MtuWaMpemba

Mkuu hujapigwa, bado. Huyo kijana kwenye nyaraka yuko sahihi, pa kumwangalia ni hapo kwenye hela, nitarudi.

Iko hivi, mzigo unaoingia nchini unaripotiwa forodha mara mbili na watu wawili tofauti, na wengi wanavichanganya. Kuna manifesti, hiyo ni ya mwenye chombo, iwe meli, ndege au kampuni ya lori, yeye anasema nimebeba vifurushi kadhaa, uzito kadhaa, mali ya fulani, nimetokea mahali fulani, basi. Halafu kuna tamko la mwenye mzigo, huku boda tunaita tansad, hilo linapelekwa na wakala mwenye leseni kwa kutumia TIN yako, na ndilo linalosema vitu ni nini hasa, namba ya HS (ile ya kimataifa ya kutambulisha aina ya bidhaa) ni ipi, vimegharimu kiasi gani, vimetengenezwa nchi gani na kodi ni shilingi ngapi. Yote mawili yanaingia kwenye mfumo wa forodha wa TRA kwa mtandao, ule wa TANCIS, mambo ya kutembeza bahasha dirisha hadi dirisha yalishapitwa. Na tamko linaruhusiwa kutangulia kabla mzigo haujafika. Mizigo ya meli Dar, TRA wenyewe wanashauri nyaraka ziingizwe angalau siku 7 kabla meli haijatia nanga.

Unachopata ni muda. Dereva wako akiwa Mpika anakula nshima, afisa huku anaangalia thamani na namba za HS, akiwa na swali analiuliza kwenye mfumo, wakala anakupigia, unajibu, asesimenti (hesabu ya kodi unayodaiwa) inatoka, unalipa. Lori likiingia Tunduma kinachobaki ni kuthibitisha kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa. Ukisubiri lifike maswali utaulizwa yaleyale, ila utaulizwa lori likiwa limesimama na mwenye lori anakuhesabia hela ya kusimama kila siku inayoisha.

Sasa hela. Kodi haipiti mfukoni kwa wakala. Asesimenti ikitoka inakuja na namba ya malipo, ina jina lako na TIN yako, unalipa mwenyewe benki au kwa simu. Wakala anadai ada yake tu na mnaelewana mapema, kwa maandishi, hata kwa meseji. Akikutajia kiasi cha kodi kabla hajaona invoisi huyo anapiga ramli. Na leseni yake uiulize, mawakala wanapewa leseni na TRA na inahuishwa kila mwaka, siyo kila anayeshika faili pale getini ni wakala.

Tela_Mbili

Mimi niko upande wa usukani, njia hiyo naijua, ni kilomita 2,500 na ushee kutoka Joburg mpaka Tunduma ukipitia Harare, kwahiyo muda wa kutanguliza karatasi upo tele, anayechelewa ni kwa kupenda kwake.

Kwa faida ya mwenye mada, Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu 2019, ukitoka Zambia husimami Nakonde, unapitiliza unakuja kusimama upande wa Tunduma, Wazambia wapo humohumo wanakutoa na wa kwetu wanakuingiza. Chirundu nako ni hivyohivyo, yenyewe ilianza 2009 na ndo ilikuwa ya kwanza Afrika. Ila mkuu usidhani tamko la Tunduma ndo pekee, Zimbabwe na Zambia lori linapita kwa dhamana ya transiti, yaani dhamana kwamba mzigo unapita tu haubaki huko, na huko nako wanataka taarifa iwatangulie, hiyo ni kazi ya mwenye lori, muulize kama mawakala wake wa Beitbridge na Chirundu wameshapewa karatasi. Unaweza ukajipanga vizuri Tunduma halafu lori linalala Beitbridge.

Halafu aliposema MtuWaMpemba makaratasi mawili, watu wayaweke akilini, maana shida zote ninazoziona boda ni haya mawili kutofautiana. Safari moja tulikwamishwa na sanduku la spana. Fundi wa kule kwa muuzaji kalifunga kwa bendi juu ya jenereta ili lisigongane njiani, ukiangalia ni kitu kimoja. Orodha ya muuzaji inasema vifurushi 14, aliyeandika manifesti kahesabu kwa macho akiwa chini ya tela, kaandika 13. Mzigo upo wote, hakuna kilichoibwa, lakini kwenye mfumo tamko lina 14 na manifesti ina 13, basi haviungani, ikabidi manifesti iombewe marekebisho na lori lishushwe wahesabu kimoja kimoja. Mwenye mzigo alikuwa ametanguliza kila kitu mapema, haikumsaidia chochote. Kwahiyo mwambie muuzaji wako kila kifurushi kiwe na namba kwa maka peni, 1 hadi mwisho, na anayeandika manifesti aandike kutoka kwenye orodha ileile, asihesabu kwa macho.

Kamwene_IR

Kamwene wakuu, niko Iringa mjini hapa. Naona mnamsifia sana mwenzenu hii kutanguliza, ngoja na mimi nimwage upande wa pili.

Mimi huwa naingiza vipuri vya matrekta, vingine kwa meli vingine kwa lori, na natanguliza, sikatai. Ila ukishapeleka tamko umeshajifunga. Muuzaji wa kule siku ya mwisho anakwambia tela limejaa, rola mbili za bomba zitakuja na lori lijalo, au anakubadilishia pampu modeli nyingine eti ile imeisha. Tamko lako limeshasema vingine. Kurekebisha inawezekana ila lazima uandike barua ueleze, uambatanishe vielelezo, usubiri ikubaliwe, na ukichelewa mpaka waanze kufungua mzigo maelezo yako yanaonekana ni ya mtu aliyekamatwa.

Na jingine, msiwadanganye watu kwamba ukitanguliza unapita kijani. Mfumo unapima hatari wenyewe, unakupa kijani unapita, njano wanaangalia karatasi, nyekundu wanafungua mzigo. Nimetanguliza kila kitu kwa usahihi na bado nimetupwa nyekundu, na mashine ya mtumba mkuu hiyo jiandae kabisa kisaikolojia.

MtuWaMpemba

Kamwene_IR upo sahihi kwa yote mawili na hata mimi hapo juu nilipita haraka. Mtumba una maswali ya thamani, haina namna, kwa sababu hakuna bei ya dukani ya kulinganisha. Forodha inaanza na bei uliyolipa kweli, kwahiyo mkuu wa Uyole hakikisha unayo risiti ya benki uliyotumia kumlipa muuzaji, siyo invoisi peke yake. Invoisi mtu anaweza kuichapa popote.

Ila hata nyekundu siyo mwisho wa dunia ukiwa umetanguliza. Kama karatasi zimeshaangaliwa na kodi imelipwa, ukaguzi ni kufungua, kuhesabu, kusoma kibao cha mashine, kufunga. Kinacholala pale wiki nzima ni nyekundu ya mtu ambaye invoisi yake ndo inatafutwa kwa WhatsApp lori likiwa tayari yadi.

Kuhusu muda wa kutuma, ninavyofanya na wateja wangu ni kwamba rasimu ya invoisi naitaka mapema kabisa, hata kabla ya kupakia, ili nitafute namba za HS na nione kama kuna kibali kinachohitajika. Tamko lenyewe sipeleki mpaka muuzaji aniambie lori limefungwa sili na orodha ya mwisho ndiyo hii. Hapo hubabaishwi na rola mbili zilizobaki.

Mjanja_Mafiati

Mnamzungusha bure jamaa. Mwambie muuzaji aandike invoisi nusu bei, na mashine iandikwe chuma chakavu, mchezo umeisha 😂

MtuWaMpemba

@Mjanja_Mafiati sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kwenye tamko la uongo inasema kifungo hadi miaka 3 au faini hadi dola 10,000, na TIN inayobaki kwenye mfumo ni ya kwake siyo ya kwako. Halafu chuma chakavu chenye mota na mkanda unaozunguka, utamwambia nini afisa akifungua turubai?

ParachichiNjombe

Nimeona mada inahusu kuingiza mzigo, mimi nipo upande wa kutoa ila nadhani inamsaidia mwenye mada kujua hili halikuanzia Tunduma.

Wamarekani ndo walibana kwanza, baada ya Septemba 2001 wakasema hatusubiri kontena lifike kwetu ndo tujue lina nini, kuanzia 2003 wakaanza kukomaa na sheria ya saa 24, kwamba maelezo ya kontena la meli yawafikie saa 24 kabla halijapakiwa kule linakotoka, siyo kabla halijafika. Japani wakafuata na ya kwao Machi 2014. Ulaya nao wana mfumo wao unaitwa ICS2, kwa meli walianza Juni 2024, na huo ndo unaotugusa sisi wa Njombe na Rungwe maana parachichi zinaenda Uholanzi na kwingine kwa kontena za baridi. Siku hizi kampuni ya meli haikupi nafasi kirahisi kama hujawapa namba ya HS ya tarakimu 6, parachichi ni 0804.40, na namba ya forodha ya mnunuzi wa Ulaya wanayoiita EORI. Na hawataki maelezo ya jumla jumla, ukiandika matunda au bidhaa za kilimo inarudi, andika parachichi freshi. Wakati shamba bado mnachuma, karatasi zinatakiwa ziwe zimeshaanza safari.

Kwahiyo huyo wakala wako anayekuomba mapema wala hajabuni. Mimi niseme ukweli hii nimeipenda kuliko ya zamani, kontena la matunda likizuiwa kabla ya kupakiwa bado una parachichi, likizuiwa Rotterdam una mbolea.

Mkulima_Uyole

Aisee ahsanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nimeshamuuliza wakala leseni, kanitumia picha bila kununa, hapo roho imetulia kidogo, na hela kaniambia hivyohivyo kwamba namba ya malipo itakuja kwa jina langu, alichotaka ni nisije nikaanza kuuza viazi ndo nilipe.

Sasa tatizo nimelikuta kwenye invoisi. Muuzaji ameandika mstari mmoja tu, mashine ya shamba na vifaa vyake, loti moja, halafu bei ya jumla. Nikamwambia wakala atumie hiyohiyo, kagoma. Je hapo ananisumbua? Na kuna mtu huku Uyole kaniambia kwa kuwa mzigo umetoka Afrika Kusini na sisi wote ni SADC basi ushuru silipi kabisa, ni kweli?

MtuWaMpemba

Hakusumbui, anakuokoa. Hiyo loti moja ina vitu vitatu vya namba tatu tofauti. Pampu ziko 8413. Bomba za plastiki ziko 3917. Mashine yako ya viazi ndo yenye mtego, kuna 8433 ambamo zimo mashine za kusafisha na kupanga matunda na mazao ya shamba, na kuna 8437 ambayo ni ya kuchambua mbegu, nafaka na jamii ya kunde. Viazi ni 8433, ila muuzaji asiyejua anaweza kukuandikia mashine ya kuchambua mbegu kwa kuwa mwaka jana aliitumia kwa viazi vya mbegu, na hapo unaanza kubishana bila sababu. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35, namba ya HS ndo inayokuweka kwenye ngazi, halafu VAT ya 18 inakuja juu ya thamani ukiwa umeshajumlisha na huo ushuru. Ukiandika loti moja unamwachia afisa akuchagulie, na hana sababu ya kukuchagulia ya chini.

Kwahiyo muuzaji aandike upya: kila kitu mstari wake, jina kamili, modeli, namba iliyogongwa kwenye kibao, mpya au mtumba, nchi iliyotengeneza, idadi, bei yake, uzito. Na gharama ya kusafirisha aitenge, bima kama ipo aitenge, maana thamani ya forodha inajumlisha vyote mpaka mzigo ufike.

Hilo la SADC nusu kweli. Nafuu ya SADC inafuata mahali kitu kilipotengenezwa, siyo mahali ulipokinunua. Bomba kama zimetengenezwa Afrika Kusini, muuzaji aombe cheti cha asili cha SADC kabla lori halijatoka, kiandikwe vitu vilevile vilivyo kwenye invoisi, hapo una haki. Mashine kama kibao kinasema Italia au Uholanzi, hata ikae Joburg miaka ishirini haigeuki kuwa ya SADC. Na cheti nacho kiende na nyaraka za mwanzo, kukileta baada ya kodi kulipwa ni kujitafutia safari ya kuomba kurudishiwa.

Kamwene_IR

Hapo kwenye cheti nasisitiza. Watu wengi wanalipa ushuru ambao hawakupaswa kulipa kwa sababu tu muuzaji aliona uvivu kwenda kugongewa cheti, na mnunuzi hakujua kama anatakiwa kukidai. Kidai kabla hujamalizia malipo, ukishamaliza hela yake hapokei simu.

Nyingine ndogo, TBS, wale wa viwango. Uliza mapema kama pampu na bomba zinahitaji cheti cha ubora cha kule zinakotoka kabla ya kusafirishwa, wakala ataangalia kwa namba ya HS. Hicho huwezi kukikimbilia lori likiwa limeshafika.

Binti_Kyela

Samahani naomba kudandia mada, sisi tunapitishia Kasumulu kutoka Malawi, je ni mfumo huohuo au boda ndogo bado ni karatasi?

Tela_Mbili

Dada, Kasumulu ni TRA hiyohiyo na mfumo huohuo, tamko linatangulia kama kawaida. Tofauti ni kwamba kutoka Karonga ni karibu mno, dereva anafika kabla wakala hajamaliza kunywa chai, kwahiyo huko karatasi zianze mzigo ukiwa Lilongwe au Blantyre huko, usingoje upigiwe simu kwamba lori limeshatoka Karonga.

Binti_Kyela

Nimekuelewa kaka, ubarikiwe.

Mkulima_Uyole

Ndaga fijo wakuu. Muuzaji amekubali kuandika upya, kila kitu mstari wake, na mashine kumbe ni ya Uholanzi kwahiyo hiyo ya SADC nimeitoa akilini, cheti anaombea bomba tu, pampu ameenda kuangalia vibao. Vifurushi anaweka namba kwa maka peni kama alivyosema Tela_Mbili. Lori linafungwa sili kesho jioni, nikipata orodha ya mwisho ndo naituma kwa wakala, siyo kabla.

MtuWaMpemba

Safi. Akupigie na picha za vibao kwa karibu, namba zisomeke, siyo picha ya mashine nzima na mbwa mbele yake. Na mwambie dereva, tela likibadilishwa njiani, wakibadilisha kichwa pale Lusaka au popote, akupigie siku hiyohiyo, maana manifesti imebeba namba ya zamani na getini Tunduma wanasoma namba ya lori kwanza kabla ya kitu kingine.